Kijana, Njoo Uangalie Hii Projekta

Kila chuo hapa Kenya kina mtu ambaye wengi hawajui jina lake. Anaitwa "mtu wa IT", ama "yule wa kompyuta", ama "kijana" tu, hata kama kijana mwenyewe ana watoto wawili. Projekta ikikataa kuwaka, ni kijana. Prof akisahau pasiwadi siku ya mwisho ya kuingiza alama, ni kijana. Printa ikimeza karatasi za mtihani, ni kijana, na akimbie. Anakuja na waya mkononi, anabonyeza kitu kimoja, ukuta unajaa picha, darasa linampigia makofi ya utani. Halafu anapotea mpaka wiki ijayo.

Sasa skiza. Historia ya kompyuta vyuoni husimuliwa kama orodha ya mashine. Mwaka huu ikaja ile kubwa kama chumba, mwaka ule ikaja ya kuweka mezani, saa hii iko mfukoni. Hakuna anayeuliza nani alikuwa anaitwa hizo mashine zikigoma. Na ukichimba kidogo tu, unapata kwamba vitu vingi tunavyotumia kila siku, hata ile Moodle ambayo unapakia asaimenti saa tano na dakika hamsini na tisa usiku, vilitoka kwa kazi ya huyo kijana. Maoni yangu ni haya: mashine haijawahi kuwa kitu adimu zaidi chuoni. Kitu adimu ni mtu wa kuja ukimwita.

Tuanze mbali kidogo, Cambridge, Uingereza, Mei 1949. Mashine inaitwa EDSAC, imejaza chumba, na aliyeongoza kazi ya kuijenga ni Maurice Wilkes. Hii haikujengwa ili mafundi wake wajivunie. Ilijengwa ili watu wa chuo waitumie: wa kemia, wa astronomia, wa hesabu. Ulikuwa unaandika programu yako, unaitoboa kwenye utepe wa karatasi, halafu unaenda kuutundika kwenye kamba. Kamba kabisa, kama ya kuanika nguo. Opereta anachukua utepe ulio mbele kwenye foleni, anaulisha mashine, majibu yanachapwa. Kama ulikosea, rudi ukatoboe upya, kisha upange foleni tena nyuma ya wengine. Wilkes mwenyewe alikuja kueleza kwamba siku moja, akiwa kwenye ngazi kati ya mashine na chumba cha kutobolea, alitambua kuwa sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki angeitumia kutafuta makosa kwenye programu zake mwenyewe. Karibu sana Prof, tumekungoja.

Lakini angalia vile hao watu walifanya. Hawakuwaachia wahadhiri mashine wajipange. Walitengeneza maktaba ya vipande vya programu vilivyokwisha kujaribiwa, vikiwa kwenye tepe zilizopangwa kabatini, ili mtu wa kemia asihangaike kuandika upya jinsi ya kutafuta kipeo cha pili. Mwaka wa 1950 wakaanza kozi za wakati wa likizo. Mwaka wa 1951 Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill wakachapisha kitabu kizima cha kufundisha watu kuandika programu. Mmoja wa waliopitisha hesabu zao kwenye EDSAC ni John Kendrew, aliyekuwa anatafuta umbo la protini inayoitwa mayoglobini. Mwaka wa 1962 alipata Nobeli ya kemia pamoja na Max Perutz. Kendrew yuko kwenye vitabu. Aliyetoa utepe wake kwenye kamba anabaki kuitwa "opereta".

Tukivuka bahari tufike Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, tunakutana na shida ambayo bado inakula asubuhi nzima ya mtu wa IT: pasiwadi. Pale MIT, Fernando Corbató na wenzake walijenga mfumo ulioitwa CTSS. Ulifanya watu wengi watumie kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mtu na mashine yake ya kuandikia. Kwa sababu kila mtu alikuwa na faili zake na muda wake aliopimiwa, wakaamua kila mtu apewe neno lake la siri. Hapo ndipo pasiwadi ya kompyuta kama tunavyoijua ilianzia. Chuoni. Si benki, si jeshini.

Na haikumaliza hata mwaka mingi kabla watu waichezee. Mwaka wa 1962 mwanafunzi wa uzamifu, Allan Scherr, aliona muda aliopimiwa haumtoshi. Akagundua kwamba ukituma ombi kwa kadi, mfumo unakuchapishia faili yoyote. Ijumaa usiku akaomba ichapishwe faili ya pasiwadi zote. Jumamosi asubuhi akaenda kuichukua kama mtu anayechukua fotokopi zake. Alikuja kukiri miaka mingi baadaye. Halafu 1966 ikatokea nyingine: mfumo ulichanganya faili mbili, ile ya salamu za siku na ile ya pasiwadi. Kila mtu aliyeingia akakaribishwa na orodha ya pasiwadi za watu wote. Hebu jiweke pahali pa yule aliyekuwa zamu siku hiyo. Watu wanapiga simu, na wewe unatakiwa uwaambie nini?

Kwa hivyo mhadhiri wako akisahau pasiwadi kwa mara ya nne muhula huu, usimcheke sana. Hiyo kitu ilianza na matatizo, na aliyeibuni mwenyewe alikuja kulalamika uzeeni kwamba imekuwa balaa.

Miaka hiyo hiyo, chuo cha Dartmouth kule New Hampshire kilijaribu njia ambayo naona ni bora kuliko zote kwenye hii stori, na sielewi kwa nini vyuo vyetu havijaiiga vizuri. Wahadhiri wawili wa hesabu, John Kemeny na Thomas Kurtz, walitaka kila mwanafunzi aguse kompyuta, hata wa fasihi, hata wa historia. Wakabuni lugha rahisi ya kuandikia programu, BASIC. Tarehe 1 Mei 1964, kama saa kumi alfajiri, programu za kwanza za BASIC zikaendeshwa kwa pamoja. Ule mfumo wa kugawana mashine, ile sehemu ngumu kabisa, uliandikwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza. Majina yao yapo, kama John McGeachie na Michael Busch. Walikuwa na umri wa wasomaji wengi wa hii posti. Baadaye wanafunzi hao ndio waliiendesha na kuitunza, na mhadhiri akikwama alimuuliza mwanafunzi. Mwaka wa 1966 jumba la kompyuta likafunguliwa, na sheria ilikuwa kama ya maktaba: unaingia, unatumia, hakuna kuulizwa unataka kufanya nini. Kemeny akaja kuwa mkuu wa chuo mwaka wa 1970.

Tofauti iko hapa. Dartmouth hawakusema "vijana watatusaidia" halafu wakawapa kazi ya kubeba projekta. Waliwapa ufunguo.

Stori ninayoipenda kuliko zote inatoka Chuo Kikuu cha Illinois. Huko Donald Bitzer alianzisha mwaka wa 1960 mfumo wa kufundishia kwa kompyuta ulioitwa PLATO. Kufikia miaka ya 1970 ulikuwa na skrini za rangi ya machungwa ambazo ulikuwa unazigusa kwa kidole kuchagua jibu. Ndiyo, kugusa skrini, kabla wazazi wa wengi wetu hawajaingia darasa la kwanza. Walioandika masomo humo walikuwa wahadhiri wa kemia, wa lugha, wa muziki, watu ambao hawakusomea kompyuta. Wakatengenezewa lugha yao rahisi, TUTOR. Na kama kawaida, ukimpa mhadhiri mashine, unapata maswali. Hii imekwama. Ile haionyeshi. Nani ameharibu somo langu?

Njia yao ya kupokea malalamiko ilikuwa faili moja ya wazi ambayo kila mtu aliweza kuandika ndani. Unajua vile hiyo huisha. Huwezi kujua nani kaandika nini, na mtu akitaka anafuta ya mwenzake na kuondoka. Ni kama lile daftari la malalamiko linalofungwa kwa kamba kwenye kaunta, ila hili hata kurasa zinachanwa. Mwaka wa 1973 wakamwachia hiyo shida kijana mmoja, David Woolley, awapangie vizuri. Alikuwa na miaka 17.

Woolley akaandika programu aliyoiita Notes. Kila ujumbe ukawa unajiwekea tarehe na jina la aliyeuandika. Hakuna kufuta ya mwenzako. Chini ya kila ujumbe wengine waliweza kujibu, mpaka majibu 63. Akagawa pahali patatu: matangazo ya wenye mfumo, maswali ya usaidizi, na mengine yote. Ukiangalia vizuri, hiyo ndiyo sura ya kila mahali tunapobishana mtandaoni leo: mtu anaandika, jina lake liko juu, wengine wanajipanga chini kumjibu. Ilianza kwa sababu wahadhiri walikuwa wanalalamika na hapakuwa na pahali safi pa kulalamikia. Ray Ozzie, aliyeitumia PLATO akiwa mwanafunzi huko, alikuja kuongoza kazi ya kutengeneza Lotus Notes, iliyotoka 1989 na kuingia maofisi mengi duniani. Hata jina lilibaki. Yaani dawati la usaidizi la chuo kimoja liliishia kuwa ofisi ya dunia.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu najua mshaanza kuuliza, na sisi je?

Sisi hatukuanza na kompyuta. Mwaka wa 1967, pale Kikuyu, chuo kikuu cha Nairobi kilikuwa na kitengo cha masomo kwa posta. Walimu wa shule za msingi waliotaka kupanda daraja walipokea masomo kwa barua, wanasikiliza vipindi redioni, wanaandika majibu, wanatuma, wanarudishiwa yakiwa yamesahihishwa. Hiyo pia ilikuwa teknolojia ya darasani na ilikuwa na huduma yake ya usaidizi, tofauti ni kwamba ulibandika stempu na kungoja. Mwalimu aliyekwama hakuweza kuita "kijana". Lakini upande wa pili palikuwa na mtu aliyesoma barua yake na kujibu.

Kompyuta kwa chuo chenyewe zikapata makao rasmi mwaka wa 1977, ilipoanzishwa Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta kwenye kampasi ya Chiromo. Watu wengi hudhani idara kama hiyo ilianza ili ifundishe wanafunzi shahada. La. Kazi ya kwanza ilikuwa huduma: kusaidia utafiti, kusaidia utawala, kusaidia wahadhiri. Kufundisha shahada kulikuja kukua juu ya hiyo. Nadhani hii inafaa kusemwa kwa sauti, kwa sababu siku hizi mtu wa huduma anaonekana ni yule aliyeshindwa kuwa mhadhiri.

Zama hizo kote duniani kazi nyingi zilikuwa bado za kadi. Kadi moja ina safu 80, mstari mmoja wa programu. Programu ya kawaida ni bunda la mamia ya kadi, na zikianguka zikachanganyika, umeisha. Ujanja wa watu ulikuwa kuchora mstari wa mshazari kwa kalamu juu ya bunda zima. Zikimwagika, unazipanga ukifuata ule mstari. Huo ujanja haukufundishwa darasani. Ulipitishwa na wale walioona wengine wakilia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaja mradi ulioitwa ESANET, uliounganisha vyuo vikuu vya Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Zimbabwe kwa barua pepe, na Nairobi ilikuwa kitovu chake. Usifikirie intaneti. Fikiria kompyuta ndogo iliyounganishwa na modemu, modemu imeunganishwa na laini ya simu ya kawaida. Barua zinakusanywa, halafu mashine inapiga simu, inatema zilizopo, inachukua zilizoletwa, inakata. Simu za nje zilikuwa ghali, kwa hivyo kila dakika ilihesabiwa. Laini ikikatika katikati, mtu alitakiwa kuwa hapo kuanza upya. Mtu mwenyewe alikuwa fundi wa kituo cha kompyuta. Yeye ndiye aliyekuwa intaneti.

Mwaka wa 1997 Benki ya Dunia ikaanzisha Chuo Kikuu cha Afrika kwa njia ya mtandao, wengi wanakijua kama AVU. Kenya ilikuwa kwenye nchi za mwanzo na Chuo Kikuu cha Kenyatta kikawa kituo. Mhadhiri anafundisha ng'ambo, picha yake inarushwa kwa setilaiti, wanafunzi wanamtazama kwenye skrini hapa na kuuliza maswali kwa simu ama barua pepe. Makao makuu yalihamishwa kutoka Washington kuja Nairobi mwaka wa 2002. Magazeti yaliipenda sana ile dishi. Mimi nawaza kuhusu aliyekuwa chumbani na wanafunzi, yule wa kuhakikisha picha imeingia na sauti inasikika, wa kumtuliza mtu laini ya simu ikikataa. Bila yeye hiyo ni televisheni tu, na televisheni tulikuwa nazo.

Kisha 1999 vyuo vyenyewe vikaungana kuunda KENET, mtandao wa elimu wa Kenya, ili vinunue intaneti pamoja badala ya kila kimoja kulia kivyake. Kwa miaka kumi hivi walikuwa wanabanana, kwa sababu mawasiliano ya nje yalipitia setilaiti, polepole na bei juu. Mwaka wa 2009 nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zikafika Mombasa. Hiyo sehemu husimuliwa kila mara kwa hivyo sitaikalia. Ninachotaka uone ni kwamba intaneti ilipokuwa nyembamba, waliopata shida ni wachache waliokuwa nayo. Ilipokuwa nene, kila mhadhiri akawa mteja wa kijana. Kazi iliongezeka kwa siku chache kuliko bajeti ya kuajiri ilivyoongezeka kwa miaka.

Na hatujagusa projekta. Twende.

Zamani palikuwa na ile mashine ya kioo na taa kali, mhadhiri anaweka karatasi ya plastiki na kivuli kinaenda ukutani. Ikiharibika ni balbu. Unabadilisha balbu, mnaendelea. Mwaka wa 1987 vitu viwili vikatoka mwezi mmoja wa Aprili. Cha kwanza ni PowerPoint, iliyotengenezwa na kampuni ndogo iliyoitwa Forethought, Robert Gaskins na Dennis Austin wakiwa ndio vichwa vyake. Ilikuwa ya Macintosh peke yake, na kazi yake ilikuwa kukusaidia kuchapisha hizo karatasi za plastiki! Haikuwa na habari na projekta. Mwaka huo huo Microsoft wakainunua kampuni kwa dola milioni 14. Cha pili ni VGA, ile soketi ya pini 15 na skrubu mbili za bluu ubavuni, iliyokuja na kompyuta za IBM.

Hivyo viwili vilikuja kuoana darasani, na ndoa yao imeleta fujo kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Projekta ya ukutani ikawekwa VGA. Kuanzia 2002 na kuendelea ikaja HDMI. Mwaka wa 2014 wakatangaza USB-C. Kila laptopu mpya ilikuja nyembamba kuliko ya jana, na ili iwe nyembamba wakaondoa soketi. Projekta nazo hazibadilishwi kila mwaka, chuo kikinunua imenunuliwa. Matokeo ni kwamba mhadhiri aliyejinunulia mashine ya bei anasimama mbele ya watu 200 na hawezi kuunganisha, kwa sababu ya kiadapta cha mia kadhaa pale Luthuli. Huyo hajui kuwa tatizo ni la miaka mingi ya viwanda kutoelewana. Anajua tu dakika zinaenda na darasa linatoa simu. Anaona aibu. Na mtu mzima akiona aibu mbele ya watoto, hasira inamwendea nani? Kijana.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaofanya meme za maprofesa na projekta. Wengi wao wana akili ya kutosha kuelewa hiyo mashine. Shida ni kwamba wanalazimika kujifunza mbele ya hadhira. Kijana mzuri anajua hilo. Hasemi "umebonyeza vibaya". Anasema, "Hii imekuwa ikisumbua hata asubuhi, Daktari, wacha nijaribu," hata kama haikusumbua asubuhi. Huo uwongo mdogo ni nusu ya kazi.

Moodle yenyewe ilitoka kwa mtu wa namna hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Martin Dougiamas alikuwa anasimamia mfumo wa masomo wa WebCT katika Chuo Kikuu cha Curtin, Australia. Alikuwa akiwasaidia wahadhiri kuutumia na anaona wanapokwama, lakini hakuweza kuurekebisha, maana ulikuwa mali ya kampuni. Ukitaka kitu kibadilike, omba na ungoje. Alichoka kungoja. Akaandika wake, na Moodle 1.0 ikatoka Agosti 2002, bure, na yeyote anaweza kuifungua ndani na kuibadilisha. Kuna kitu kingine kumhusu ambacho hunifurahisha: alikulia jangwani mbali na shule yoyote, na masomo yake ya utotoni alipata kwa redio, mwalimu upande mmoja na watoto waliotawanyika upande mwingine. Linganisha na wale walimu wetu wa Kikuyu na redio zao. Vyuo vingi hapa Kenya leo vinaendesha masomo ya mtandaoni kwa Moodle, na sababu kubwa ni kwamba hailipiwi leseni. Kilicholipiwa, ama kilichopaswa kulipiwa, ni mtu wa kuisimamia.

Halafu ikafika 15 Machi 2020. Rais Uhuru Kenyatta akatangaza shule na vyuo vifungwe. Vyuo vikuu vilipewa mpaka Ijumaa ya wiki hiyo. Watu waliokuwa wanaogopa kuunganisha projekta wakaambiwa wafundishe kupitia skrini. Wengine walitumia Zoom, wengine BigBlueButton, ambayo nayo ilizaliwa chuoni, Carleton kule Kanada, mwaka wa 2007. Wahadhiri wa miaka 60 wakajifunza kuzima maiki, kugawa skrini, kuweka mtihani mtandaoni. Magazeti yakaandika kuhusu mageuzi ya kidijitali. Lakini mageuzi yalikuwa simu za saa tatu usiku. "Kijana, wananiona lakini hawanisikii." "Prof, hapo chini kushoto kuna picha ya maiki. Ina mstari mwekundu? Bonyeza hapo." "Wapi?" "Chini kushoto, Prof." "Kushoto kwangu ama kwako?" Waliopiga hizo simu na waliozipokea wengi walikuwa wakitumia bando zao wenyewe.

Na kijana mwenyewe ni nani siku hizi? Chuo kikubwa kina wafanyakazi wa ICT walioajiriwa, wachache kwa majengo mengi. Chini yao wako wanafunzi wa atachimenti na mainteni. Ni wewe, ama ni rafiki yako. Miezi mitatu, mara nyingi bila malipo, nauli unajilipia, chakula ni mandazi. Unatumwa ukumbi wa 4, unatumwa ofisi ya dini, unaambiwa urudi ukumbi wa 4. Ukimaliza unaandikiwa barua nzuri na mwingine anachukua nafasi yako akianza kwa sifuri, kwa sababu yote uliyojifunza umeondoka nayo. Kwamba ile projekta ya ghorofa ya pili inataka iwashwe kabla ya laptopu. Kwamba Madam fulani akisema "intaneti imekufa" anamaanisha kivinjari kimefungwa. Dartmouth walitumia wanafunzi pia, lakini waliwaachia kazi ya kujenga, na wakawaandika majina. Illinois walimpa mtoto wa miaka 17 shida halisi. Hapa tumechukua sehemu ya "mwanafunzi" na "bure" tukaacha hizo zingine. Chuo kinaweza kupata mamilioni ya kompyuta mpya na utepe ukakatwa mbele ya kamera, lakini ukiomba nafasi moja ya fundi wa kudumu unaambiwa hakuna fungu.

Kuna kumbukumbu moja tu ya kazi hii, nayo ni ile logibuku ya atachimenti. Kila siku unaandika ulichofanya, msimamizi anatia sahihi, mwisho wa muhula inasahihishwa na kutupwa. Wengi huandika mstari mmoja wa kuchosha, "Nilisaidia wafanyakazi na projekta," na kufunga. Ndani ya huo mstari ndimo ilimo hii historia yote upande wetu: mashine gani ilikuwepo, ilikataaje, nani aliitengeneza na kwa ujanja upi. Kama bado unayo yako, hasa ya 2020 na 2021, usiichome wala usifungie chapati. Piga picha ukurasa mmoja, funika majina ya watu na chuo, unitumie. Nataka kuanza na ile ya siku iliyokuwa mbaya zaidi.